Kangemi hadi Muthaiga: siku sita za kamba na pawa

Jumatatu, Lavington

Saa kumi na moja na nusu alfajiri kanta, lori letu dogo, ilikuwa imeshawashwa pale steji ya Kangemi, na Dereva alikuwa amepiga honi mara mbili kabla sijamaliza kufunga viatu. Tuko wanne. Kuna Mzee, ambaye amekwea na kukata miti ya Nairobi kwa zaidi ya miaka thelathini. Kuna Dogo, aliyejiunga nasi mwaka jana kabla ya mvua za vuli. Dereva ndiye pia fundi wa pawa letu, yaani msumeno wa injini. Mimi ni mshika kamba: nasimama chini, naangalia juu, na kila kinachoshuka kutoka mtini kinapitia mikononi mwangu.

Nimeamua kuandika wiki hii siku kwa siku kwa sababu huu ndio msimu wetu. Masika yako mlangoni. Mtu anayeishi na mti uliolalia paa lake huweza kuusahau miezi sita, lakini wingu la kwanza la Machi likitanda juu ya Ngong anaikumbuka namba ya Mzee.

Kazi ya leo ilikuwa mjakaranda mkubwa nyuma ya nyumba ya mama mmoja mstaafu. Alitaka ukatwe kichwa chote, ubaki kama meza, ili usimwangukie. Mzee alivua helmeti, akamsalimu vizuri, kisha akamzungusha mti mzima akimwonyesha. "Mama, nikiukata kichwa utachipua fimbo nyingi hapa juu, zote zimeshikiliwa na ganda tu. Miaka mitatu utaniita tena, na hapo ndipo utakuwa wa hatari kweli." Akamwonyesha matawi matatu: moja limekauka, mawili yanasuguana hadi yamejichubua. Hayo ndiyo tuliyotoa. Mama alikubali, akatuletea chai kwenye birika la bati na viazi vitamu.

Nataka kueleza jinsi Mzee anavyotoa tawi, maana watu wengi hawajawahi kuona likifanywa sawasawa. Mahali tawi linapokutana na shina pana uvimbe mdogo wenye mikunjo, kama nguo inavyojikunja kwapani. Tunauita kola. Kwanza anakata kutoka chini, kama futi moja mbali na shina, theluthi ya unene tu. Halafu anasogea mbele kidogo na kukata kutoka juu hadi tawi liachie. Ukianza na juu, tawi linapoanguka huchana ganda hadi kwenye shina, kama mtu anayenyofoa kucha. Mwisho anaondoa kigutu kilichobaki, nje kidogo ya kola, na kola yenyewe haiguswi hata kwa ncha ya mnyororo. Mti hauponi kama ngozi ya mtu. Hujenga ukuta ndani kuzuia uozo usipenye, kisha ganda jipya hutambaa juu ya kidonda mwaka baada ya mwaka, na hiyo kola ndiyo inayolitoa. Kwa hiyo hatupaki rangi wala lami kwenye kidonda. Ukikata vizuri, mti unajua kujifunika.

Dogo aliuliza kwa nini asikate sambamba na shina, ingependeza zaidi. Mzee alimpeleka upande wa pili wa mti huohuo, ambapo mtu fulani alikata hivyo zamani. Palikuwa na shimo linaloingiza mkono hadi kiwiko. Dogo aliutia mkono, akautoa umejaa unga wa ubao uliooza, akaupangusa kwenye ovaroli bila kusema kitu.

Jumanne, Kileleshwa

Siku hii naiandika kwa shida.

Kileleshwa inabadilika haraka. Nyumba za zamani zenye bustani zinabomolewa, ghorofa zinapanda, na miti inayobaki inajikuta imebanwa kati ya kuta mbili. Wetu wa leo ulikuwa mukima mrefu uliosimama hatua tano kutoka kwa ukuta wa jirani. Mukima ni mti mzuri, umezipa kivuli kahawa na chai za nchi hii kwa miaka mingi, lakini matawi yake huvunjika upesi penye upepo.

Mzee alikuwa juu. Kamba ya mzigo inapita kwenye panda ya tawi imara, inashuka hadi chini, nami naizungusha kwenye kitako cha shina. Msuguano wa kamba na ganda ndio unaobeba uzito, mikono yangu inaongoza tu. Kwa hiyo kazi yangu yote ni kukadiria: tawi hili linataka raundi moja, mbili au tatu? Mukima mbichi umejaa maji na macho hudanganywa na majani yake mepesi. Nilizungusha raundi moja.

Tawi lilipoachia niliona kamba ikikimbia. Niliibana, ikaendelea kukimbia, na glavu zilianza kutoa harufu ya kuungua. Tawi liliruka kama bembea, likapiga ukingo wa paa la jirani, vigae vitatu vikavunjika, likatua hatua moja kutoka alipokuwa Dereva akikusanya majani. Hatua moja. Aliketi chini palepale, panga mkononi.

Pawa lilizimwa juu. Kimya. Mzee hakupiga kelele, ila aliuliza kutoka huko aliko: "Raundi ngapi?"

"Moja."

"Lilitaka ngapi?"

"Mbili, Mzee."

"Haya. Weka mbili."

Akawasha pawa na kazi ikaendelea. Mikono yangu ilikuwa imebabuka viganja vyote viwili, lakini nilishika hadi tawi la mwisho kwa sababu vinginevyo Mzee angemwambia Dogo ashike, na sikutaka Dogo ajifunze kamba siku ya hofu.

Jirani alitaka alipwe vigae na fundi wa paa, na alikuwa na haki. Jioni Mzee alihesabu pesa za siku kwenye boneti ya kanta, akaondoa za vigae juu kabisa, kisha akagawa zilizobaki kama kawaida. Nilimwambia zikatwe kwenye fungu langu. Dereva, yuleyule aliyekoswa na tawi, ndiye aliyejibu: "Hapa hakuna kosa la mtu mmoja. Mimi sikupaswa kuwa pale chini." Dogo alikuwa ameshaosha mnyororo na kujaza oili, kazi ambayo ni yangu. Nililala nikiisikia ile kamba ikikimbia viganjani.

Jumatano, barabara ya Jogoo

Asubuhi Mzee alinirushia kamba ya mzigo kabla hata ya salamu. Niliidaka. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu yote kuhusu jana.

Dereva alipitia Nyayo kukwepa msongamano wa katikati ya mji. Wale korongo wakubwa wenye vipara walikuwa wamejaa kwenye migunga ya pale mzungukoni, wamesimama kama mawakili waliochoka kungoja hakimu. Miti hiyo imegeuka nyeupe kwa kinyesi chao. Dogo, aliyekulia Nyeri, bado huwatazama kwa mshangao kila tunapopita.

Tulikwenda shule ya msingi moja upande wa Makadara. Mikima minne ilikuwa imevuka nyaya za stima na kuinamia madarasa. Penye waya hatugusi jani mpaka watu wa stima waje wazime wenyewe, na tukae tunawaona wakizima. Tawi bichi hupitisha umeme, na kamba iliyolowa pia. Tulingoja hadi saa nne na nusu. Watoto walipotoka mapumziko walijipanga kando ya utepe wetu wakiuliza maswali: "Mnalala juu?" "Mmewahi kuanguka?" Mzee aliwajibu kwa uso mkavu kwamba yeye hajawahi kuanguka, ila ardhi imewahi kumkaribia haraka. Walicheka sana.

Juu ya mti wa tatu Dogo alipiga mluzi. Viota vitano vya mnana, viwili vina makinda. Tawi lilikuwa la kuondolewa, lakini halikuwa upande wa waya wala juu ya darasa. Mzee alimwuliza mwalimu mkuu kama linaweza kungoja hadi Juni, mwalimu akakubali, basi tukaliacha. Watoto ndio waliofurahi kuliko makinda.

Kando ya ukuta palikuwa na safu ya miche ya mikima iliyopandwa ile siku ya mapumziko ya kitaifa ya kupanda miti, 13 Novemba 2023. Inakua vizuri, imeshampita mtoto wa darasa la nne. Tatizo ni kwamba safu nzima iko chini ya nyaya zilezile. Waliopanda walikuwa na nia njema na siku yenyewe ilikuwa nzuri, lakini mche haupandwi kwa kuangalia chini peke yake. Mzee alikaa na mwalimu mkuu chini ya kivuli kwa nusu saa nzima wakichora kwenye daftari ni ipi ihamishwe sasa ingali midogo na wapi. Hakuna aliyemlipa kwa nusu saa hiyo.

Alhamisi, Kangemi

Mvua. Ilianza usiku na haikukatika. Kwenye shina lililolowa hatupandi.

Tulikaa chini ya mabati ya kibanda cha chapati na madondo, kila mtu na tupa yake ya mviringo. Kunoa mnyororo ni kazi ya subira: kila jino mapigo yaleyale, pembe ileile, meno ya kulia yote kwanza, kisha unageuza pawa na kufanya ya kushoto. Ukizidisha upande mmoja, pawa linakata likipinda. Mnyororo mkali hutema vipande; uliofifia hutema unga. Dereva alichanganya mafuta, mililita ishirini za oili kwa lita moja ya petroli, akipima kwa chupa ndogo ya dawa ya kikohozi ya mtoto wake.

Mama wa kibanda alitazama viganja vyangu, akaingia ndani, akatoka na jani la shubiri na kitambaa safi.

Ijumaa, Muthaiga

Kutoka Waiyaki Way tuliupita ule mti mkubwa wa mugumo wa Westlands. Mwaka 2020, barabara ya juu ilipokuwa ikijengwa, ulikuwa uondolewe, watu wakapaza sauti, hadi rais akatoa amri uachwe. Mzee hupunga mkono kila akiupita. Halafu tukashika barabara ambayo zamani iliitwa Forest na leo ina jina la Profesa Wangari Maathai. Mzee alikuwa kijana mwaka 1999, wakati mama huyo alipopigwa kwa sababu ya kuutetea msitu wa Karura. Ametuambia mara nyingi kwamba yeye, mkata miti, alilia alipoona picha. Kuna watu wanaotupigia kelele barabarani wakituita wauaji wa miti. Inatuuma, maana siku nyingi kazi yetu ni kuufanya mti uweze kuendelea kukaa karibu na watu.

Mti wa leo lakini ulikuwa wa kushushwa. Mkaratusi, urefu wa ghorofa nane hivi, ukiegemea nyumba yenye watoto. Kitakoni palikuwa na uyoga mgumu uliojipanga kama rafu. Mzee aligonga shina kwa kisogo cha shoka akilizunguka: ko, ko, ko, kisha upande wa nyumba, bum, kama ngoma. Hapo hapahitaji mjadala. Kibali cha kaunti kilikuwa kimetoka, naye alikisoma neno kwa neno kabla ya pawa kushuka garini.

Mikaratusi ya Nairobi ina historia ndefu. Reli ilifika hapa mwaka 1899, injini zikila kuni, na mwaka 1907 Arboretum, bustani ya miti, ikaanzishwa kujaribu miti ya kukua haraka ya kuzilisha. Ndivyo miti ya Australia ilivyopata makao katika mji huu. Injini za moshi zimeondoka, miti imebaki, mingine imezeeka.

Mti mgonjwa hauaminiwi kubeba mtu. Hatua nne kando yake palikuwa na mkaratusi wa pili, mzima kabisa, na mpango ulikuwa Mzee apande huo, afunge kamba yake na ya mzigo juu kabisa, kisha aning'inie akiukata mgonjwa kipande kwa kipande. Alipanda kama mita kumi. Nikaona amesimama. Akasimama muda mrefu mno. Halafu akaanza kushuka, polepole, mguu wa kulia ukiwa umenyooka kama fimbo.

Alipofika chini hakutazama mtu. Aliketi kwenye gogo, akafungua mkanda wa kupandia, akausugua kwa kidole gumba pale jina lake lilipochongwa kwa msumari.

"Goti limekataa," alisema.

Dogo alikuwa amesimama na chupa ya maji mkononi, hajui ampe au asimpe.

"Kesho utapanda wewe."

Dogo alimeza mate. "Sawa, Mzee. Nani atashika ya mzigo?" Alipouliza hakunitazama usoni. Alitazama vitambaa vya mikononi mwangu, nami sikumlaumu.

Mzee alinyoosha kidevu upande wangu. "Yeye."

Jumamosi, Muthaiga

Nilifika steji kabla ya kanta.

Shina lilikuwa limekauka na upepo ulikuwa mdogo. Dogo alifunga mkanda wake mwenyewe, Mzee akaukagua kifundo kwa kifundo, akamfungulisha kimoja na kumfungisha upya. Mzee alishika kamba ya mtu. Mimi nilishika ya mzigo, raundi tatu kwenye mti mzima, gunia chini yake ili kamba isiliumize ganda. Dereva alisimama langoni asiingie mtu, mbali mara mbili ya urefu wa mti.

Saa ya kwanza ilikuwa matawi. Dogo alikuwa akiita "Chini!" kila mara, akingoja nijibu "Salama!" kabla ya kugusa pawa. Pawa likiunguruma hatusikiani, kwa hiyo tunaongea kwa kamba: mvuto mmoja, simama, miwili, legeza, mitatu, nishushe sasa hivi. Kwa kamba unamjua mtu. Mwanzoni mivuto yake ilikuwa ya haraka na mikali, nikahisi hofu yake ikishuka mita ishirini hadi kwenye vidole vyangu. Nilikuwa nikimjibu polepole kuliko kawaida. Tawi la nne, la tano, nikahisi mivuto inatulia.

Kisha kilele. Kipande kirefu kama nguzo ya stima, kizito kuliko chochote tulichoshusha wiki hii. Alichonga mdomo upande wa kuangukia, akahamia nyuma kukata, akiacha ubao mwembamba katikati uwe bawaba. Kabla ya kumalizia alizima pawa na kutazama chini. Si kwa Mzee. Kwangu.

"Ngapi?"

"Nne," nikasema. Nilikuwa nimeshaongeza moja.

Akawasha.

Kilele kiliinama taratibu, bawaba ikalia, kikaachia. Hapa ndipo mshika kamba anapoharibu kazi kwa woga. Ukibana kamba isimame ghafla, uzito wote unarudi juu kwa kishindo na kumtikisa mtu aliyefungwa kwenye mti huohuo. Unatakiwa uiache itembee, kisha uikaze kidogo, kidogo tena, kama unavyomzuia ng'ombe kwa kamba bila kumvunja shingo. Niliiacha itembee. Ilipita viganjani juu ya vidonda, moto, mita moja, mbili, tatu, nikakaza, ikapungua mwendo, ikasimama. Kilele kikaning'inia hewani kikizunguka, majani yakinuka dawa ya kifua, mita sita juu ya paa la nyumba. Nikatazama juu. Tawi alilofungwa Dogo lilikuwa limeyumba kidogo tu, kama linapoguswa na ndege.

Alipiga kelele ya furaha ambayo nadhani ilisikika hadi Karura. Kisha akatulia, akaanza kutuhesabia anachokiona: mnara wa KICC, vilima vya Ngong, na kima watatu wanaokula maembe kwenye bustani ya jirani. Mzee alimwambia aache utalii, ashuke anywe maji. Lakini aliendelea kuitazama ile kamba iliyosimama, na mkono wake ulikuwa begani mwangu, umebaki hapo muda.

Saa kumi jioni kilichobaki kilikuwa gogo la urefu wa mtu. Mzee mwenyewe alilimaliza, akiwa amesimama ardhini, goti lake na yote. Ndani palikuwa na tundu jeusi lililojaa maji na wadudu, ubao mzuri ukiwa ukanda mwembamba upande mmoja tu. Mwenye nyumba aliingiza fimbo ndani, ikazama hadi mkononi. Aliwaita watoto waje waone.

Tuligawa pesa kwenye boneti. Dogo mwenyewe aliikunja kamba yangu, mikunjo sawasawa, akaiweka nyuma ya kiti isilowe.

Nyumbani nimeitandaza upya ikauke vizuri, kutoka kwa kitasa cha mlango hadi dirishani, na watoto wanapita chini yake wakiinama. Nimeipapasa yote kwa vidole, kipande kwa kipande, nikitafuta uzi uliokatika. Hakuna. Jumatatu tunakwenda Karen: ua wa kayaba, mita mia mbili, miiba mitupu na hakuna wa kupanda. Mzee amesema atakuja na panga lake.